Neno la Mhariri: Ushahidi wa Mtandao Ndani ya Mashine Pepe

Taasisi nyingi zinazoendesha mitandao mikubwa, ziwe benki, vyuo vikuu au kampuni za simu, hutegemea kifaa maalumu cha kufuatilia mtandao, yaani sanduku linalofungwa kwenye rafu ya chumba cha seva, ambalo hupokea nakala ya mawasiliano yanayopita, huyapima, huyahifadhi na kutoa tahadhari pale mwenendo usio wa kawaida unapojitokeza. Sanduku hilo linapozeeka na mtengenezaji kuacha kulitolea vipuri na masasisho, pendekezo linalofika mezani siku hizi ni kuhamishia kazi yake kwenye mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya seva halisi, ambayo hugawana prosesa, diski na kadi ya mtandao na mashine nyingine za aina yake. Toleo hili linajadili uhamisho huo, na hoja inayotetewa hapa ni kwamba kipimo chake cha kwanza kiwe ubora wa ushahidi, kwa kuwa ufuatiliaji usioaminika ni ghali hata ukipatikana bure.

Teknolojia yenyewe haina ugeni. IBM ilitoa mfumo wa VM/370 mwaka 1972, kampuni ya VMware ikaanzishwa mwaka 1998, na mwaka 2005 Intel ikaanza kutia ndani ya prosesa zake uwezo wa kuhudumia mashine pepe moja kwa moja. Zana za ufuatiliaji nazo zilizaliwa zikiwa programu za kompyuta za kawaida: tcpdump iliandikwa mwaka 1988 katika maabara ya Lawrence Berkeley nchini Marekani, na humohumo, mwaka 1995, Vern Paxson akaanza kuandika Bro, ambayo leo huitwa Zeek. Kwa hiyo hakuna kinachozuia programu hizo kuwaka ndani ya mashine pepe. Ugumu unaanza baada ya kuwaka.

Ugumu wa kwanza unahusu kuona. Sanduku la zamani lilichomekwa kebo kutoka kwenye poti ya swichi iliyopangwa kutoa nakala ya kila pakiti, yaani kila kifurushi kidogo cha data, inayopita kwenye poti nyingine. Katika mazingira mapya, kati ya kebo hiyo na programu huwa kuna swichi pepe, ambayo kwa kawaida huipa kila mashine pakiti zilizoandikiwa anwani yake tu. Kwenye VMware, ruhusa ya kusikiliza mawasiliano ya wengine hufungwa tangu mwanzo kwa ajili ya usalama; fundi asiyeifungua huwasha tcpdump, akaona mistari ikishuka kwenye skrini na kuridhika, kumbe karibu yote ni maswali ya ARP, ambayo kwayo kompyuta huulizana nani mwenye anwani fulani, na hakuna muunganisho hata mmoja wa wateja uliofika. Zaidi ya hayo, mashine pepe ikihamishiwa seva nyingine ili kusawazisha mzigo, kebo ya nakala haihami nayo, na ufuatiliaji hukatika ilhali programu inaendelea kuonekana nzima.

Ugumu wa pili ni kasi. Kiungo cha gigabiti 10 kwa sekunde kikijaa pakiti ndogo kabisa za Ethernet hubeba takriban pakiti milioni 14.88 kila sekunde, sawa na nanosekunde 67 kwa kila moja. Haipavaiza, yaani programu inayogawa rasilimali za seva, ikiipa mashine jirani zamu ya prosesa kwa milisekunde moja tu, pakiti zaidi ya 14,000 zinakuwa zimekwisha kufika, na foleni ikijaa zinazobaki hutupwa. Zikitupwa kwenye swichi pepe, kihesabu kilichomo ndani ya mashine huendelea kusoma sifuri, kwani hakihesabu kisichokifikia, na ripoti hutoka safi ingawa ina mapengo.

Ugumu wa tatu ni saa. Mashine pepe ikisimamishwa kidogo ili hali yake inakiliwe, saa yake huweza kubaki nyuma na kisha kuruka mbele inaposahihishwa, hata jibu likaonekana kwenye kumbukumbu limetangulia swali. Itifaki ya NTP, inayosawazisha saa kupitia mtandao, haina budi kutumika, nayo haipaswi kushindana na marekebisho ya haipavaiza. Ugumu wa nne ni uhuru wa mfuatiliaji: mlinzi aliyefungiwa ndani ya ghala hawezi kupiga mbiu ghala linapoungua, na ndivyo ilivyo kwa programu ya tahadhari inayotegemea seva na diski zilezile inazozichunga.

Hata hivyo, anayeng'ang'ania sanduku naye ana upofu wake. Mashine pepe mbili zikizungumza ndani ya seva moja, mawasiliano yao huweza yasitoke kamwe kwenye kebo, na mvamizi anayetoka mashine moja kwenda nyingine hupita pasipo sanduku la nje kumwona. Mgawanyo unaofaa, basi, ufuate njia ya data: vinasa, yaani sehemu zinazonasa pakiti, vya viungo vyenye kasi kubwa vibaki kwenye vifaa halisi, vinasa vidogo viwekwe ndani ya kila seva, na kazi za uchambuzi na ripoti zihamie kwenye mashine pepe, huku tahadhari za msingi zikiachwa nje ya mfumo huo. Uhifadhi nao upangiwe diski zake, kwa kuwa kiungo cha gigabiti 1 kikijaa saa 24 huzalisha terabaiti 10.8, mzigo unaoweza kukwamisha huduma nyingine zote.

Makala za toleo hili zinasomeka vema zikiongozwa na swali moja: mfumo mpya umeacha kuona nini? Jibu hupatikana kwa kuuendesha sambamba na wa zamani, kutuma mawasiliano ya majaribio yenye idadi inayojulikana, kisha kulinganisha hesabu za pande zote mbili wakati mtandao umeelemewa. Taasisi isiyo na hesabu hizo haijawa na sababu ya kulizima sanduku lake.