Kabla Mvua Hazijaanza, Tuwajengee Walimu

Ndugu zangu wa Songea, wa mjini na wa vijijini, na ninyi majirani zetu wa Namtumbo, Mbinga, Nyasa, Madaba na Tunduru, mimi ni mwanachuo wa ualimu hapa Songea na nina ombi moja kwenu. Mahindi yakishaingia ghalani, na kabla mvua za Novemba hazijaanza, kila kijiji chenye shule isiyo na nyumba za kutosha za walimu kianze kujenga nyumba moja. Siombi ikamilike mwaka huu. Naomba ianze.

Chuoni tunafundishwa mengi, na wakufunzi wetu wanajituma. Tunajifunza kuandika azimio la kazi na andalio la somo, tunasoma saikolojia ya mtoto, tunafanya mazoezi ya kufundisha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kwa watoto wa darasa la kwanza, tunatengeneza zana kwa vizibo vya soda, maboksi na punje za maharage. Ninaipenda kazi hii na ninaisubiri kwa hamu. Lakini lipo fungu la maandalizi yangu ambalo hakuna mkufunzi awezaye kunipa, nalo ni mahali pa kulala kule nitakakopangiwa. Hilo liko mikononi mwenu.

Nililiona wakati wa mazoezi ya kufundisha, yale tunayoyaita BTP. Katika shule niliyokwenda, walimu kadhaa walikuwa wamepanga vyumba kijiji cha pili, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu. Kiangazi mtu alifika na vumbi hadi magotini. Walinieleza kwamba masika kijito kikijaa, wanaokaa ng'ambo hawafiki kabisa, na watoto wanabaki na mwalimu mmoja anayezunguka darasa hadi darasa. Mwalimu wa kike aliyekuwa mgeni shuleni alikuwa akiishi katika chumba kilichokuwa stoo ya vitabu. Alikuwa hodari. Watoto wa darasa la pili walimfuata kila alikokwenda, na wale waliokuwa hawajui silabi walianza kusoma sentensi nzima. Jioni moja aliniambia ameshaandika barua ya kuomba uhamisho. Alisema mshahara angeuvumilia na wingi wa watoto angeuzoea, ila hakuweza kuendelea kuoga gizani nyuma ya darasa na kulala akiwa ameegemeza meza mlangoni.

Sikumlaumu, na nawaomba nanyi msimlaumu. Tumezoea kusema vijana wa siku hizi hawataki kukaa vijijini. Wengi wetu tumezaliwa vijijini humu humu na jembe tunalijua. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mimi hilo jembe nalitaka. Ninachoomba ni nyumba ya kurudia jioni baada ya kulitumia.

Shida hii si ya kijiji kimoja. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2024 inasema ifikapo 2030 dunia itahitaji walimu wapya milioni 44, na milioni 15 kati yao ni wa nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara. Hapa nyumbani, tangu ada ilipofutwa Januari 2016, watoto wamejaa madarasani, na hiyo ni furaha yetu sote. Mwaka 2021 fedha za UVIKO-19 zilijenga vyumba vya madarasa 15,000 nchini. Sasa sera mpya ya elimu imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10. Madarasa yameongezeka na watoto wameongezeka, na walimu wanaoajiriwa wanatafutwa na kila mkoa. Kijiji kisicho na nyumba kitapokea mwalimu Januari na kumsindikiza baada ya mwaka mmoja au miwili, kisha kitaanza upya kumsubiri mwingine.

Katika ardhi hii yetu jambo la kijiji kumpa mwalimu makao liliwahi kufanyika, ingawa kwa namna nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianzisha kijiji cha Litowa, humu Songea. Kikawa kitovu cha Ruvuma Development Association, chama kilichounganisha vijiji zaidi ya 10 vilivyolima na kuamua mambo yao kwa pamoja. Walipojenga shule yao hawakuiacha ikae pembeni kama jambo la wageni. Walimu waliishi kijijini, wakalima pamoja na wanakijiji na wanafunzi, na chakula cha shule kikatoka kwa sehemu kubwa katika mashamba hayo. Wazazi wa vijiji vingine vya chama wakapeleka watoto wao pale. Mwalimu wa Litowa hakuhitaji kuuliza atalala wapi wala nani atamjulia hali akiugua, maana alikuwa mmoja wao. Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, mengi aliyoyaandika kuhusu shule na jamii yalikuwa tayari yanaonekana pale.

Septemba 1969 TANU ilikivunja chama kile, na walimu wa Litowa wakatawanywa kwenda shule nyingine. Wapo wazee wanaolikumbuka hilo kwa uchungu, na sioni sababu ya kuuficha. Lakini chama kuvunjwa hakukufuta kilichothibitishwa pale, kwamba wakulima wa Songea wasio na fedha nyingi waliweza kumpa mwalimu makao na kumfanya asitamani kuondoka. Babu na bibi zetu walifanya hivyo kwa majembe na mapanga. Sisi tuna matrekta, tuna vyama vya ushirika vya AMCOS vinavyouza ufuta, mbaazi na soya, na kila msimu malori yanapanga foleni kupeleka mahindi kwa wakala wa hifadhi ya chakula, NFRA.

Najua kuna atakayeuliza, si serikali ilisema elimu ni bure? Ni kweli, na serikali ina wajibu wake ambao hatupaswi kuacha kuudai. Hata hivyo, sote tumeona inavyokwenda. Kijiji kilichofikisha boma kwenye lenta kina hoja nzito mbele ya halmashauri, na diwani wake ana kitu cha kushika mkononi anapoomba fedha za mapato ya ndani au za Mfuko wa Jimbo za kupaulia. Kijiji kisicho na hata msingi kinasubiri bajeti ya mwaka mwingine.

Ila kuna jambo nalisisitiza kwa nguvu zote. Asirudishwe nyumbani mtoto hata mmoja kwa sababu mzazi wake hajatoa mchango. Elimu bila ada ilikuja kuondoa aibu hiyo, na nyumba ya mwalimu iliyojengwa kwa machozi ya mtoto wa mjane mimi sitaki kulala ndani yake. Asiye na fedha atoe siku moja ya msaragambo. Mzee asiye na nguvu atoe ushauri, kwa kuwa ndiye anayejua udongo upi unatoa tofali zuri.

Tuanze na mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa taratibu zetu unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi 3. Agizeni ajenda ya nyumba ya mwalimu iandikwe, na mwenyekiti akisahau mkumbusheni. Ramani ichukuliwe kwa mhandisi wa halmashauri kabla ya kuchimba msingi. Mnajua wenyewe ni maboma mangapi yameoza kwa mvua kwa sababu yalianzwa bila ramani, mhandisi akaja baadaye akayakataa. Kama nguvu inatosha, jengeni ya mbili kwa moja, walimu wawili wakae ukuta kwa ukuta, maana mwalimu wa kike aliye peke yake mwisho wa kijiji ana hofu ambayo wanaume wengi mkutanoni hawataifikiria. Akina mama ndio waulizwe choo, bafu na jiko viwe wapi. Mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu kila mkutano, hata kama ni mifuko 10 tu ya saruji, kwani michango mingi ya vijijini imekufa kwa kukosa hilo.

Wenzetu walio karibu na safu ya Matogoro nawaomba wawe waangalifu na kuni za tanuri. Mto Ruvuma unaanzia kule, na tukimaliza miti ya vyanzo vya maji tutakuwa tumewajengea watoto kwa mkono mmoja na kuwanyang'anya kwa mwingine. Matofali ya kufungamana hayachomwi kabisa. Mashine moja ikinunuliwa au kukodiwa na kata inaweza kuzunguka vijiji vyake vyote.

Kwa ninyi mlioko mjini, Bombambili, Lizaboni, Mfaranyaki, Msamala na kwingineko, msiseme hili si lenu. Wengi wenu mlisomeshwa na mwalimu wa kijijini ambaye hadi leo mnamtaja kwa heshima. Wenye hadhi, vyeo na maduka ya vifaa vya ujenzi, shule iliyowafundisha kusoma bado ipo. Bando moja la bati kutoka kwa kila kundi la waliosoma pamoja lingeezeka nyumba nyingi mkoani humu.

Na sisi wanachuo tusiwe watu wa kuomba tu. Nimezungumza na wenzangu, na wapo wengi walio tayari kutoa siku za likizo ya Juni kuja kufyatua matofali na kusomba maji na mchanga, hata katika vijiji ambavyo huenda hatutapangiwa kufundisha. Hatutaki posho. Kijiji kitakachopanga msaragambo wakati huo kitume ujumbe kwa serikali ya wanachuo ya chuo cha ualimu kilicho karibu, kitaje siku, mahali na idadi ya watu wanaohitajika. Tutakuja na majembe yetu na unga wetu, na ninyi mtuonyeshe pa kulala hizo siku chache.