Tahadhari: Ekzosi za Bomba la Maji

Kama gari lako limebadilishwa injini, na manifoldi ya ekzosi ikaungwa kwa bomba la maji lililopakwa zinki, liegeshe hadi likaguliwe. Kama kazi bado iko gereji, mpigie fundi sasa hivi aisimamishe.

Anayeumia kwanza ni fundi mwenyewe. Zinki hugeuka mvuke kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, na moto wa kuchomelea unapita hapo mbali sana. Ule moshi mweupe anauvuta. Usiku anatetemeka, viungo vinamuuma, anameza dawa ya malaria. Si malaria, ni zinki. Na maziwa wanayokunywa mafundi baada ya kuchomelea hayazuii hali hiyo.

Kwa mwenye gari, hatari iko upande wa kulia. Injini za Toyota 1JZ na 2JZ, zinazopendwa sana kwa kubadilishia injini, hutolea moshi kulia, na magari yetu Kenya na Tanzania yana usukani hukohuko. Hapo ndipo inapopita shafti ya usukani, na juu yake masta silinda ya breki. Injini ikikamuliwa, moshi unaotoka hupita nyuzi 800. Oili ya breki ya DOT 3 iliyokwisha kunyonya unyevu inaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Ikichemka, unakanyaga pedali inazama, gari linaendelea kwenda. Fundi asipime nafasi kati ya ekzosi na sehemu hizo injini ikiwa imetulia tu: injini hucheza kwenye raba zake kila unapokanyaga mafuta.

Halafu kuna kuvuja. Flanji nyembamba hupindwa na joto, gasketi ikaachia. Matundu yaliyotobolewa kupitisha waya za injini mpya mara nyingi huachwa wazi, na kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, huingia ndani. Watoto wanasinzia kiti cha nyuma, mnadhani wamechoka na safari.

Gari likiwa nje na injini baridi, washa, paka maji ya sabuni kwenye flanji na kila kiungo mara moja, kabla injini haijapata joto. Povu likitoka, panavuja. Dai chuma kisicho na zinki, flanji nene, ngao ya joto mbele ya breki, na matundu yote yazibwe.

Kichwa kikikuuma au ukihisi kichefuchefu ukiwa ndani ya gari, simama, zima injini, toa watu wote nje, nendeni hospitali na mseme wazi kwamba mmevuta moshi wa ekzosi.