Nani Atavuta Kamba?

Ukienda kununua pampu ya maji Morogoro mjini, muuzaji atakuuliza mambo matatu: inchi mbili au inchi tatu, petroli au dizeli, na mfukoni una shilingi ngapi. Swali la nne hatakuuliza: nani ataiwasha? Nadai kwamba hilo ndilo lingepaswa kuwa la kwanza, na kwamba halikusahaulika. Aliyeiunda, aliyeiagiza na anayeiuza wote wameshajijibu kimoyomoyo kwamba atawasha kijana wa kiume mwenye mabega.

Nayaandika haya nikiifikiria Kisaki, huko ambako barabara ya kutoka Bigwa huishusha milima ya Uluguru, ikapita Mvuha na kufika tambarare, reli ya TAZARA inakopita na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iko jirani. Watu hulima mpunga, mahindi na ufuta, na wenye vishamba kando ya maji hupanda nyanya na bamia kiangazi. Shangazi yangu ni mmoja wao. Pampu ni yake, aliinunua kwa fedha ya ufuta. Petroli ananunua yeye, mpira wa maji anauburuta yeye. Lakini pampu haiwaki mpaka kijana wa jirani afike, na kijana hafiki kabla ya saa tatu asubuhi, kwa sababu ana pampu nyingine mbili za kuwasha na alfajiri hakuna anayetaka kukutana na tembo njiani. Akifika anavuta kamba mara mbili, injini inanguruma. Kisha anasema, "Mama, leo maji yaanzie kwetu, miche inakauka." Shangazi anajibu, "Haya, mwanangu." Angejibu nini kingine, na kesho atamhitaji tena?

Simlaumu kijana. Nasema tu kwamba risiti ina jina la shangazi, ila zamu ya maji anaipanga mwenye mkono.

Wapo watakaosema kinachokosekana ni mbinu. Mbinu ipo, na shangazi anaijua yote. Weka pampu chini, kanyaga fremu. Fungua mafuta, funga choki ikiwa injini ni baridi. Vuta kamba taratibu mpaka uhisi imekaza, irudishe, halafu vuta kwa mkupuo mmoja mrefu, wala usiiachie ghafla ikarudi kwa kishindo. Sawa. Lakini injini haijali adabu hiyo kama mkono hauna kasi. Lazima pistoni ishinde hewa inayobanwa ndani ya silinda, na flaiwili izunguke haraka vya kutosha ili sumaku yake itoe cheche kwenye plagi. Ukivuta polepole, hakuna cheche. Mbinu hupunguza nguvu inayohitajika, haiifuti, na bega la bibi wa miaka sitini halifundishiki kurudi ishirini na tano.

Sasa watazame watu wanaochezea magari madogo ya rimoti yanayotumia nitro, yaani methanoli iliyochanganywa na nitromethani na oili. Injini ya gari kama hilo mara nyingi ni ya cc 3.5, na gari zima unalibeba kwapani. Hata hivyo, wachezaji wake hubishana kwa makini jinsi ya kuliwasha. Kuna kamba ya kuvuta, nyepesi na rahisi, lakini injini ikijaa mafuta ukalazimisha, utakata kamba au utapinda konrodi. Kuna stata ya mkononi inayofanana na drili, ambayo fimbo yake huingizwa nyuma ya injini. Hiyo inataka betri iliyojaa. Kuna na boksi la stata, lenye gurudumu la mpira linalozungushwa na mota. Unalikandamiza gari juu yake, gurudumu linagusa flaiwili, injini inawaka. Hilo ni zito na la gharama, lakini halichoshi mkono. Kila njia ina kasoro zake, na mnunuzi anachagua akizijua.

Hicho ni kichezeo. Pampu inayolisha kaya, yenye injini ya cc 163, zaidi ya mara arobaini ya ile, inapakiwa kwenye boda ikiwa na kamba moja tu, na mwenye nayo anaambiwa ashukuru.

Ukihoji, utajibiwa kwamba stata ya umeme ni anasa kwa kijijini: betri itakufa, fundi hayupo, vumbi ni jingi. Nami nauliza: pikipiki iliyoileta hiyo pampu imewashwaje? Bodaboda nyingi zina stata ya kitufe na kiki pia. Zinapita vumbi lile lile, zinatengenezwa na fundi yule yule chini ya mwembe, na betri zake zikichoka zinabadilishwa bila mtu kutamka neno anasa. Dereva akiwa mwanamume, kitufe ni kitu cha kawaida. Mwenye pampu akiwa mwanamke, kitufe kinageuka starehe. Hoja ya betri ingekuwa ya kweli, ingeanza na pikipiki.

Jambo lenyewe si geni duniani. Magari ya mwanzo yaliwashwa kwa hendeli, na hendeli ikirudi nyuma ilivunja mikono. Mwaka 1912 Cadillac ilitoka na stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, na magari mengi yaliyofuata yakabaki na hendeli kama akiba tu. Karibu karne moja baadaye, mwaka 2009, sisi tulizindua Kilimo Kwanza na kuhimizana kununua pawatila, na pawatila nyingi za dizeli bado huwashwa kwa hendeli ile ile.

Ninachotaka si kuiondoa kamba. Betri ya pampu iliyokaa masika yote bila kazi hufa kweli, na siku hiyo kamba ni mkombozi. Nataka vyote viwili, kama kwenye pikipiki. Bei itapanda, ndiyo. Lakini ifanyieni hesabu pia ile bei ya sasa: maji yanayoingia shambani jua likiwa limeshapanda, na tuta la mwenye pampu linalosubiri tuta la mwenye bega.

Darasani, sisi wa shahada ya uzamili tunazilinganisha pampu kwa nguvu za farasi, ulaji wa mafuta na lita kwa dakika. Jedwali halina safu ya anayeiwasha. CAMARTEC kule Arusha, yenye kazi ya kupima zana za kilimo, ingeweza kuiongeza safu hiyo. Halmashauri nazo hutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha akina mama kikikopa kununua pampu ya kamba, sehemu ya mkopo wao inaishia kwa mvutaji. Na mwenye mkono mmoja aliyekopeshwa ile asilimia mbili, yeye avute na nini?

Mpaka hayo yabadilike, mama, shangazi, dada, nenda dukani mwenyewe, usimtume kijana. Shika injini kwanza kwa kiganja, uhakikishe ni baridi, maana wauzaji wengine huipasha kabla hujafika. Kisha iwashe kwa mkono wako. Ikikataa mara ya tano, rudisha fedha kwenye khanga na uliza duka la pili.