Pombe Haiandikwi Katika Cheti cha Kifo



Mama anapofariki kwa uzazi, sababu huandikwa kitaalamu: kutoka damu nyingi, kifafa cha mimba, uambukizo, au uchungu pingamizi. Maneno hayo ni ya kweli. Hata hivyo hayasemi ni kwa nini mama huyo alitoka damu akiwa bado nyumbani, wala fedha za gari zilikuwa wapi usiku ule. Kwa maoni yetu, hapo ndipo pombe inapowaua akina mama wa Karatu na Ngorongoro, kuliko katika kikombe cha mama mwenyewe.

Tusieleweke vibaya. Mjamzito anayekunywa humhatarisha mtoto aliye tumboni, na wataalamu hawajui kipimo chochote kilicho salama. Ulevi wa muda mrefu huweza pia kumpunguzia damu, na mwenye upungufu wa damu hufa kwa kupoteza kiasi ambacho mwenzake mwenye afya angekistahimili. Lakini tumezoea kumhubiria mama peke yake, huku baba ameketi kilabuni.

Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufa katika muda wa saa mbili. Hesabuni saa hizo kutoka boma la mbali hadi Endulen au Wasso, ambako Kanisa lilianzisha hospitali, au kutoka bonde la Eyasi hadi Karatu mjini wakati wa masika. Katika nyumba zetu nyingi ruhusa ya kwenda hospitali hutoka kwa mume, na mfuko wa fedha ni wake. Akiwa amelewa, ruhusa husubiri alfajiri. Vitunguu vya Mang'ola huleta fedha kwa mkupuo, na vilabu hujaa juma hilo hilo. Mimba ikitimia, nyumbani hakuna hata nauli. Tena kuna kipigo. Pigo la tumbo laweza kuachanisha kondo na mji wa mimba kabla ya wakati, nayo damu ikavuja ndani bila mtu kuiona.

Wapo wasemao dawa ni kufunga vilabu. Sheria hazikukosekana: viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, na vileo vikali vingali vyauzwa katika chupa ndogo. Zaidi ya hayo, wapikaji wengi wa pombe ya kienyeji ni akina mama, nao husomesha watoto kwa pombe hiyo. Anayekuja kumwaga mapipa yao bila kuwaonyesha riziki nyingine huwaonea mara ya pili. Wamaasai walikuwa na utaratibu wao: pombe ya asali ilikuwa ya wazee na ya sherehe, morani haikumhusu. Utaratibu huo umelegea, na wenye mamlaka ya kuukaza ni wazee wenyewe.

Takwimu za taifa zimeshuka, kutoka vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16 hadi 104 katika ule wa 2022. Tumshukuru Mungu, ila wastani wa taifa haulijui boma lenu. Utafiti wa wilaya ya Ngorongoro uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba katika vituo vilivyowasaidia wajawazito kupanga mapema juu ya kujifungua, waliozalishwa na wahudumu wenye ujuzi walikuwa wengi zaidi. Kupanga huko kwawezekana katika jumuiya ndogo ndogo. Kipaimara kikikaribia, kreti za bia huchangwa kwa siku moja (twajua, maana nasi hualikwa). Basi mchango wa namna hiyo uwekwe kwa ajili ya gari la wajawazito, autunze mama mweka hazina, na mwenye gari ajulikane kwa jina kabla ya mwezi wa nane. Na mume atamke mbele ya jumuiya, akiwa hajalewa, kwamba mkewe aweza kuondoka bila kumsubiri.