Waliofukuzwa Ndio Waliokuwa na Kazi

Na Salum Kitwana

Januari 2010 kampuni ya Oracle ilikamilisha ununuzi wa Sun Microsystems, na katika mali iliyonunua ilikuwemo OpenOffice, programu huria ya kuandikia nyaraka na kupigia mahesabu. Waliokuwa wakiijenga, wengi wao kwa kujitolea, walikuwa na dukuduku tangu enzi za Sun. Marekebisho yao yalikawia kupokelewa, na kila aliyechangia alitakiwa kusaini kuwa kampuni nayo ina haki juu ya kazi yake. Taasisi huru waliyoahidiwa tangu mwaka 2000 haikuja.

Tarehe 28 Septemba 2010 wakatangaza ya kwao, The Document Foundation. Programu wakaiita LibreOffice, jina la muda tu, maana waliiomba Oracle iwaachie lile la zamani na ijiunge nao. Hawakutoka kwa matusi.

Mwezi uliofuata, kwenye kikao cha baraza la OpenOffice, wajumbe waliojiunga na taasisi mpya walitakiwa wajiuzulu kwa hoja ya mgongano wa masilahi. Hapo sikubaliani kabisa. Anayetaka mradi uwe wa wote masilahi yake yanagongana na ya nani, kama si ya mwenye kampuni?

Ukifukuzwa kwenye chama cha siasa unatoka mikono mitupu. Ofisi na ruzuku vinabaki kwa waliokufukuza. Kwenye programu huria, leseni inamruhusu yeyote kuchukua msimbo wote, kuurekebisha na kuendelea nao. Haki hiyohiyo ndiyo iliyowawezesha watu wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Kiongozi anayeisahau hujiona mwenye mali, kumbe ni msimamizi tu.

Januari 2011 LibreOffice 3.3 ilitoka. Kufikia Juni, Oracle ilikuwa imeikabidhi OpenOffice kwa Apache, taasisi nyingine ya programu huria. Lakini jina lina nguvu: hadi leo wapo wanaopakua OpenOffice bila kujua kuwa wajenzi wake wengi walishahama. Gharama hiyo ya utengano inaniuma, na ingeepukika kwa kikao kimoja cha kusikilizana.

Bodi ya The Document Foundation huchaguliwa na wanachama, na uanachama hupatikana kwa kuchangia kazi. Katiba yake inazuia kampuni moja kujaza viti. Ni yaleyale waliyokuwa wakiyadai kwa miaka kumi.