KANSERE YA KOO IKIRUDI: NI ILE YA ZAMANI AO NI MPYA?



Mtu aliyepona kansere ya kinywa ao ya koo akionekana tena na uvimbe, jirani wanasema upesi: «Munganga alishindwa», ao «Kuna mtu anamloga». Maneno hayo yanamchelewesha mgonjwa. Kweli ni kwamba njia ni mbili.

Ya kwanza: seli chache za kansere ya zamani zilibaki, zikaongezeka. Mara nyingi hiyo inaonekana katika miaka 2 ao 3 ya kwanza.

Ya pili: kansere mpya imezaliwa pembeni, hata kiisha miaka mingi. Mwaka 1953, munganga Danely Slaughter na wenzake wa Chicago walichunguza wagonjwa 783 wa kansere ya kinywa. Waliona kwamba ngozi inayozunguka uvimbe ilikuwa imekwisha kuharibika pia. Ni shamba lote, si mmea mmoja.

Ndani ya kila seli mna jeni, ndiyo maagizo ya kazi yake. Jeni moja, TP53, ni sawa freni ya lori: seli ikiharibika, inaizuia isizae nyingine. Tumbako na pombe vinakata freni hiyo. Utafiti wa Marekani wa 1995 ulikuta jeni hiyo imeharibika kwa wagonjwa 58 kati ya 100 waliovuta na kunywa, lakini 17 tu kati ya 100 wasiovuta wala kunywa. Waganga wakilinganisha makosa ya jeni ya uvimbe wa kwanza na wa pili, wanaweza kutambua: yakifanana, ni kansere ileile, yakiachana kabisa, ni mpya, na matunzo yanaweza kuwa mengine.

Mawazo yangu ni haya: aliyepona bado yuko hatarini. Rafiki anayempokea kwa sigara na lutuku anamrudisha shimoni bila kofia. Na ninyi makapita, msimrudishe penye ukungu wa asidi sulfuriki, kama kwenye elektrolizi. Tangu 1992 ukungu huo umehesabiwa na wataalamu wa dunia kati ya vitu vinavyoleta kansere ya koo, pale sauti inapotoka.

Mama, ukiona kwa bwana yako:
– kidonda cha kinywa ao sauti ya kukauka, zaidi ya majuma 3;
– uvimbe wa shingo;
– kumeza kwa shida;
mlete kwa munganga. Na aliyepona asikose siku yake ya kupimwa, hata akijisikia mzima.

Freni ikikatika, hatungoji lori lianguke.