Kipya Kinyemi: Vigae vya Bafuni Tuvipime Kabla ya Kuvibandika

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wahenga waliposema hayo hawakukusudia tukome sebuleni. Ndani ya nyumba ni pamoja na msalani, na mwenye kutaka kuijua staha ya wenyeji na apatazame pahala wanapojitwahirishia. Ndiyo maana leo twazungumza habari ambayo wengi huiona ni ya fundi na mfuko tu, nayo ni mitindo mipya ya mabafu inayoingia Mombasa, Malindi na Lamu kwa kasi ya maji ya bamvua.

Anayetengeneza bafu lake upya siku hizi huonyeshwa vigae vikubwa vya sentimita 60 kwa 60, hata 60 kwa 120, ving'aavyo kama kioo. Huonyeshwa choo cha kutundikwa ukutani kisichogusa sakafu. Huonyeshwa pahala pa kuogea pasipo kizingiti, sakafu moja tangu mlangoni hadi chini ya bomba. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mitindo hii ina faida zake. Kigae kikubwa kina viungo vichache, na kwenye viungo ndiko uchafu unakojificha. Choo cha kutundikwa huacha sakafu yote ikaoshwa. Kasoro ni kuvipokea vitu hivi kwa macho matupu, bila kuviuliza maswali.

Swali la kwanza ni la mguu. Sakafu ing'aayo, ikikutana na maji na povu la sabuni, ni mtego. Na ni nani aingiaye bafuni kungali giza, miguu mitupu, usingizi haujamtoka? Ni mzee wetu anayekwenda kutawadha kwa sala ya alfajiri. Nyonga ikivunjika uzeeni, wengi hawarudi kutembea kama walivyokuwa, na hapana rangi ya kigae iliyo ghali kuliko mguu wa mama. Viwanda vingi hufuata vipimo vya Kijerumani vya utelezi: kwa mguu wenye kiatu kuna alama za R9 hadi R13, na kadiri nambari inavyopanda ndivyo utelezi unavyopungua, kwa mguu mtupu kuna daraja A, B na C, na pahala pa kuogea panataka B. Itazameni alama hiyo kwenye boksi au mwulizeni mwuzaji. Isipokuwapo, ombeni kipande kimoja, kimwagieni maji ya sabuni, kisha kikanyageni kwa unyayo. Unyayo hausemi uwongo.

Swali la pili ni la twahara. Kizingiti kile cha zamani hakikuwa pambo. Kilizuia maji ya upande wa choo yasichanganyike na ya upande wa kuogea, na mtu akatoka pale moyo umetulia. Anayetaka kukiondoa na ahakikishe sakafu ina mteremko wa sentimita moja hadi mbili kwa kila mita kuelekea tundu la maji, la sivyo maji yatasimama na mtu atabaki na wasiwasi wa najisi. Tena kuna kibla. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuielekea au kuipa mgongo wakati wa haja. Ijapokuwa wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wameruhusu ndani ya jengo, adabu ni kuepuka. Choo cha kutundikwa hushikwa na fremu ya chuma iliyofichwa ukutani; kikishafungwa, kukigeuza ni kubomoa. Basi kibla kitajwe siku ya kuchora ramani, isiwe siku ya kulipa fundi.

Na maji je? Kuna mabomba mapya mapana yanayomwaga kama masika. Katika mji ambao watu wengi hununua maji kwa mitungi ya mkokoteni, hilo ni jambo la kufikiri mara mbili. Imo katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume alikuwa akioga kwa pishi moja ya Kiarabu, yaani swaa, hadi vibaba vitano. Hayo ni maji ya lita tatu na ushei.

Swali la tatu ni la ukuta, nalo lawahusu hasa wenye nyumba za kale. Kuta za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita. Ukuta wa namna hiyo hupumua: unyevu hupanda kutoka ardhini, ukatokea usoni mwa chokaa na kukauka kwa upepo. Ukiukandika saruji na kuuvika vigae hadi darini, unyevu hukosa njia. Hupanda juu zaidi pamoja na chumvi yake, ukamumunya chokaa na kuozesha vichwa vya boriti. Mwenye nyumba huona bafu jipya linang'aa, kumbe dari ya juu yake inaliwa. Kwa nyumba hizo, vigae viishie sakafuni na pale maji yanapopiga tu. Kwengine kote na kubaki chokaa.

La ajabu ni kwamba hao tunaowaiga wanarudi tulikotoka. Ulaya na Marekani, wenye pesa sasa wanatafuta tadelakt ya Marrakesh, ambayo ni chokaa iliyosuguliwa kwa jiwe laini na kupakwa sabuni mpaka ikakataa maji. Wanatafuta zellige ya Fez, vigae vya udongo vinavyokatwa kwa nyundo na mkono. Mwaka 2020, karatasi za chooni zilipoadimika Marekani wakati wa korona, wengi huko walinunua vifaa vya kutawadhia kwa maji. Nasi wazee wetu walikuwa na kuta za neru laini, na birika la maji lenye bakuli la Kichina lililojengewa chini yake, samaki wadogo wakikaa humo kula viluwiluwi vya mbu. Lamu iliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, na mabirika hayo ni sehemu ya urithi huo. Kulivunja ili upate nafasi ya kabati ni kuuza dhahabu ununue bati.

Twawaomba basi wenye nyumba waulize kabla ya kununua. Twawaomba wenye maduka waseme ukweli wa utelezi kama wanavyosema bei. Na mafundi vijana twawaomba wawaendee waashi wazee wangali hai, wajifunze kuchoma, kuroweka na kusugua chokaa, kwani kazi hiyo ina soko leo kuliko jana. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini kidonda cha bafuni huuguzwa na nyumba nzima.